Kabla hujaenda kazi Turkana ama Marsabit, jipange na nyoka wa kuharibu damu

Watu wangu mnaoenda kazi Turkana, Marsabit ama Baringo, kabla ya kufunga begi mjue kuna nyoka mdogo huko, Echis, hata mita moja hafiki, rangi ni ya mchanga, akikasirika anajikunja na kusugua magamba mpaka yanalia kama kitu kinakaangwa. Huyu si kama koboko wa kukufunga pumzi, huyu anaharibu damu.

Iko hivi, sumu yake inawasha prothrombini, ile protini ya kugandisha damu, basi mwili unagandisha vidogo vidogo kila mahali mpaka fibrinojeni, ile protini inayotengeneza bonge la damu, inaisha, na ikiisha hakuna cha kuziba kidonda tena, na hapo hapo sumu inatoboa kuta za mishipa. Ufizi unavuja, mkojo unakuwa mwekundu, mbaya zaidi ni damu kuvujia kwenye ubongo. Na mtu anaweza kukaa masaa anajiona yuko sawa kabisa!! Usingoje damu ionekane ndio uanze kutafuta gari.

So piga simu mapema, uliza hospitali gani iko na antivenomu, yaani dawa ya kuzima sumu ya nyoka, ya Echis wa Afrika, uliza jina lake kabisa, kwa sababu zile zilizotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India hazisaidii vizuri huku kwetu. Namba ya mwenye gari ama boda weka kwa simu. Buti, tochi, neti, usilale chini. Kwa dawa beba panadol tu, lakini aspirini na brufen ziache nyumbani maana zinaongeza kuvuja, na mtu akiumwa hakuna kukata wala kufyonza wala kufunga kamba.

Hospitalini kuna kipimo rahisi sana, damu mililita 2 kwa chupa safi ya kioo, inaachwa dakika 20 bila kuguswa halafu inainamishwa, ikimwagika kama maji ujue haigandi. Kinarudiwa masaa 6 baada ya antivenomu, kwa sababu ini linahitaji muda kutengeneza fibrinojeni mpya, wasiporudia kumbusheni kwa heshima.

Kuna pia unithioli, dawa ya zamani ya sumu ya zebaki, inanyang'anya sumu ya nyoka madini ya zinki ambayo inayategemea kufanya kazi. Kilifi walishaijaribu kwa watu wenye afya kuona kama ni salama, na mimi naiombea sana kwa sababu inamezwa, mtu angeinywa kijijini kabla ya ile safari ndefu. Lakini bado haijaidhinishwa kwa kuumwa na nyoka, kwa hivyo hiyo namba ya gari usisahau.