Wiki moja Tokyo mara ya kwanza: usikopi ratiba ya Mmarekani

Wasee, tangu nirudi Nakuru swali ni lile lile, kwa steji, kwa kinyozi, hadi kwa harusi ya binamu yangu, ati "Tokyo ni ya matajiri ama hata mimi naweza enda?" Unaweza. Lakini siku saba zinaisha kama mshahara, na mimi zangu mbili za kwanza niliziharibu juu nilichukua ratiba ya mtu kwa intaneti nikaifuata neno kwa neno. Ilisema siku ya kwanza uende soko la samaki la Tsukiji alfajiri, eti usijali, mwili utakuamsha wenyewe. Nikaweka alamu tatu. Niliamka saa sita mchana, mama wa usafi anagonga mlango na mimi sijui kama niko Japani ama niko kwa shosho Njoro.

Baadaye nikakaa kwa kitanda nikahesabu na vidole. Ratiba nyingi za huko mtandaoni zimeandikwa na Wamarekani, na Mmarekani akifika Japani anashtuka usiku wa manane macho kavu. Sisi ni kinyume. Tokyo iko mbele yetu masaa sita, kwa hivyo saa mbili asubuhi yao mwili wako bado uko Section 58 hapa Nakuru saa nane usiku, umelala fofofo. Saa tano usiku yao kwako ni saa kumi na moja jioni, ndio unatoka kazini ukitafuta chai. Basi siku mbili tatu za kwanza anza saa nne hivi, tembea hadi usiku vile mwili unataka, na kila kitu cha kurauka weka siku za mwisho za safari.

Ratiba utaiandika upende usipende, juu Mkenya anahitaji viza na ubalozi wa Japani pale Nairobi unataka mpango wa siku kwa siku, utalala wapi na utafanya nini, pamoja na taarifa za benki na booking ya ndege. Peleka mapema, na usilipe tiketi isiyorudishwa pesa kabla viza itoke. Ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu hakuna, utapitia Doha, Dubai, Addis ama kwingine, na siku ya safari toka Nakuru mapema kuliko venye unafikiria, jamu ya Rironi haijui una ndege.

Tokyo ina viwanja viwili. Narita iko mbali, karibu kilomita 60 kutoka katikati ya mji, Haneda iko karibu. Tofauti ya bei ikiwa ndogo chukua Haneda. Ukishukia Narita kuna treni inaitwa Skyliner, inakufikisha Nippori kwa dakika kama 36 na kituo kinachofuata ni Ueno. Ya polepole ya kampuni hiyo hiyo, Keisei, fea yake ni chini ya nusu, na kama huna haraka hiyo inatosha kabisa.

Sasa hapa ndio penye siri ya kupanga. Tafuta ramani ya treni ya Tokyo, usiogope ile rangi yote kama uzi umeangukiwa na paka, tafuta laini moja tu ya kijani inaitwa Yamanote. Ni duara. Ina stesheni 30 na kuizunguka yote ni kama saa moja, na sehemu nyingi utakazotaka kuona ziko juu yake ama kando yake. Upande wa mashariki kuna Ueno na Akihabara, magharibi kuna Shinjuku, Harajuku na Shibuya. Sheria yangu ni siku moja upande mmoja, usivuke. Kutoka Ueno hadi Shibuya ni nusu saa hivi kwa treni, hiyo si mbaya, shida ni ngazi, vijia vya chini ya ardhi, na kupotea. Ukivuka duara mara nne kwa siku utarudi hoteli miguu imefura na ulichoona sana ni migongo ya watu.

Lala Ueno ama Asakusa. Bei ni nafuu kuliko Shinjuku na Shibuya, na hizo hoteli za wafanyabiashara chumba ni kidogo, sanduku ukilifungua sakafuni inabidi upite juu ya kitanda, lakini ni safi na hakuna mtu atakusumbua.

Siku ya kufika usipange kitu. Oga, shuka Ameyoko, soko liko chini ya reli hapo Ueno, wauzaji wanaita wateja kwa sauti, samaki, viatu, matunda. Ndio mahali pekee Tokyo niliposikia kelele nikahisi niko Top Market ya Nakuru. Siku ya pili, Asakusa. Panda Ginza Line kutoka Ueno, na ujue hicho kipande unachopanda kilifunguliwa 1927, ndio treni ya kwanza ya chini ya ardhi Asia. Hekalu la Senso-ji ni bure, mchana limejaa lakini saa mbili usiku taa zimewashwa na umati umeenda, na wewe kwa saa yako ya Nakuru ni saa nane mchana, uko na nguvu. Mnara wa Skytree, mita 634, unauona kutoka hapo hapo ng'ambo ya mto bila kulipa chochote.

Siku ya tatu nenda Harajuku, uingie msitu wa Meiji Jingu ambao ulipandwa na watu, si wa asili, hekalu lenyewe ni la 1920, kisha utembee na miguu hadi ile makutano ya Shibuya. Siku ya nne Shinjuku. Jengo la serikali ya mji lina ghorofa ya 45 ya kutazamia, mita 202, bure, na kukiwa hakuna mawingu, hasa msimu wa baridi, unaona Mlima Fuji. Usilipe ghorofa zingine kabla ya hiyo.

Na kama una damu ya Bonde la Ufa, siku hiyo hiyo panda treni hadi Sendagaya uone uwanja wa taifa. Huu wa sasa ulimalizika 2019, ila umejengwa pale pale ulikuwa ule wa Olimpiki za 1964, ambapo Wilson Kiprugut wa Kericho alipata shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Olimpiki ya Kenya. Mimi nilisimama nje kwa ua nikapigia baba, akanyamaza kidogo kisha akaniuliza kama nimekula.

Shinjuku ina kitu lazima nikuambie. Stesheni yake ina milango zaidi ya 200. Mimi nilitoka mlango wa mashariki nikitafuta kitu cha magharibi, nikazunguka karibu saa nzima, simu imebaki asilimia nne. Kabla hujatoka kwa treni angalia ramani inakuambia utokee mlango gani, herufi na namba, ufuate mabango ya manjano tu na usifuate watu.

Siku ya tano toka nje ya mji, Kamakura, kama saa moja kwa treni kutoka stesheni ya Tokyo, kuna Buddha wa shaba wa zaidi ya mita 11 amekaa nje kwa jua na mvua. Siku ya sita sasa ndio Tsukiji asubuhi. Mnada mkubwa ulihamia Toyosu 2018 lakini soko la nje lilibaki na ndilo la kula. Siku ya saba ni ya sanduku.

Na ule mji mwingine, Kyoto? Watu watanipigia kelele lakini wiki ya kwanza wachana nayo. Kwenda tu ni kama yen 14,000 na masaa mawili na kitu. Na usidanganywe ununue JR Pass ya siku saba, ile tiketi moja ya kupanda treni nchi nzima, Oktoba 2023 ilipanda hadi yen 50,000, hata ukienda Kyoto na kurudi hujaifikia.

Pesa: yen moja iko chini kidogo ya shilingi yetu, angalia kiwango siku ya kubadilisha. Ile kadi ya Visa ya ndani ya M-Pesa itakusaidia kubuku hoteli mtandaoni, ila ATM huko inataka kadi ya kushika mkononi, na za maduka ya 7-Eleven zinakubali za kigeni. Eapoti chukua Welcome Suica, kadi ya kugusa kwa geti na dukani, inadumu siku 28.

Chakula hakitakumaliza. Bakuli la wali na nyama ya ng'ombe unalipata kwa yen mia nne, mia tano hivi, unanunua tiketi kwa mashine mlangoni. Asubuhi ni onigiri, wali umefinyangwa pembetatu, ndani samaki, nje mwani. Karatasi yake ina namba 1, 2, 3. Fuata namba. Mimi niliipasua kama mkate wa duka, mwani ukabaki kwa plastiki na wali ukaanguka kwa suruali, mzee mmoja kando yangu akachukua yake akanionyesha polepole bila kusema neno.

Vingine haraka haraka. Simu haipigwi ndani ya treni, hiyo si nganya. Treni za mwisho ni karibu saa sita usiku, ukikosa utalia na teksi. Pasipoti tembea nayo, ni sheria. Umeme ni volti 100, soketi ya pini mbili bapa, beba adapta. Nyama usibebe, hata soseji na nyama kavu, wanakataza, na dawa za mafua zenye pseudoephedrine nyingi au codeine zikague kabla. Mapipa ya taka ni machache, tembea na karatasi ya nailoni mfukoni. Agosti ni jasho mpaka kwa kope, sisi wa Nakuru hatujazoea, afadhali Novemba, na epuka mwisho wa Aprili hadi Mei tano, likizo zao kadhaa zimefuatana hapo. Soksi zisiwe na matundu, utavua viatu mahali hukutarajia.

Salio la Welcome Suica halirudishwi, limalize eapoti. Mimi nilikuwa nimebaki na ya onigiri mbili na chai ya mkebe, na zote mbili nilizifungua kwa namba.