API za Watu Zikibadilika Ghafla: Namna ya Kulinda Mfumo Wako

Mfumo ninaoutunza ni wa chama cha akiba na mikopo cha wafanyabiashara hapa Busia, upande wa Uganda. Mwanachama analipa kwa simu, karani anaona malipo kwenye kompyuta, na risiti inafika kwa SMS. Kazi hiyo inategemea huduma zisizo zetu: ya pesa za simu, ya SMS, na ya viwango vya kubadilisha shilingi ya Kenya na ya Uganda. Zote tunazifikia kwa API, yaani njia ambayo programu moja huombea taarifa au kazi kutoka kwa nyingine, na wenyewe wanaweza kuzibadilisha siku yoyote.

Kampuni kubwa zinafanya hivyo mchana kweupe. Mwaka 2018 Google ilianza kumtaka kila anayeweka ramani zake kwenye tovuti awe na ufunguo, yaani alama ya kumtambulisha mtumiaji, na akaunti ya malipo. Februari 2023 Twitter ilitangaza mwisho wa matumizi ya bure ya API yake ikitoa notisi ya wiki moja. Tarehe ikasogezwa, kisha kikaja kifurushi cha dola 100 kwa mwezi. API ya hali ya hewa ya Dark Sky, iliyonunuliwa na Apple mwaka 2020, ilizimwa Machi 31, 2023. Hayo angalau yalitangazwa. Yanayoninyima usingizi ni madogo yasiyotangazwa: sehemu ya jibu iliyokuwa namba inakuja kama maandishi, jina linabadilishwa herufi moja, hali mpya ya muamala inazuka.

Pitisha kila kitu mlango mmoja

Malori yanayovuka hapa Busia yote hupita kwenye kituo kimoja cha forodha, na majibu ya API yapite vivyo hivyo. Faili moja tu ndani ya mfumo wako ndiyo ijue anwani ya huduma, ufunguo wake na majina ya sehemu za jibu lake. Kwingine kote, malipo yawe na umbo mlilochagua ninyi: kitambulisho, kiasi kwa shilingi, namba ya simu inayoanza na 256, saa na hali. Ukikuta jina la sehemu la kampuni ya nje limefika hadi kwenye ukurasa wa karani, lirudishe mlangoni leo, kabla halijabadilika.

Mlangoni hapo ukague. Seva, yaani kompyuta ya huduma, kurudisha 200, namba ya kusema ombi limekwenda sawa, si ushahidi kwamba jibu ni zima. Kwenye pesa ninahakikisha kiasi kipo na kinalingana na tulichoomba, sarafu ni UGX (shilingi ya Uganda), na kitambulisho ni tulichotuma sisi. Shilingi ya Uganda haina desimali kwa ISO 4217, kiwango cha kimataifa cha sarafu, kwa hiyo wengi huandika msimbo unaosubiri 50000. Siku inakuja "50000.00", na programu inayoondoa alama zote zisizo tarakimu inasoma milioni tano. Mimi ninaruhusu maumbo hayo mawili kwa kanuni iliyoandikwa wazi. Umbo la tatu linakataliwa na taarifa inanijia papo hapo.

Saa nazo zina mtego wake. API nyingi hutuma muda wa UTC, saa ya rejea ya dunia, nasi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo programu huongeza saa tatu. Huduma ikianza kutuma saa za Afrika Mashariki bila alama ya ukanda wa saa, malipo ya saa tano usiku yataingia kwenye hesabu za kesho yake. Usikubali muda usio na alama hiyo.

Sehemu mpya zikiongezwa kwenye jibu, zipuuze. Watoa huduma wengi hawalihesabu hilo kuwa badiliko la kuvunja kitu, na wana haki. Kuwa mkali kwa unachokihitaji tu.

Hali usiyoijua si hali ya kushindwa

Hapa naomba tukae kidogo. API za pesa za simu kwa kawaida hujibu mara mbili: kwanza zinathibitisha kwamba ombi limepokelewa, mara nyingi kwa namba 202, halafu baadaye zinasema limeishia wapi. Majibu yanayozoeleka ni matatu: inasubiri, imefaulu, imeshindwa. Programu nyingi nilizozifungua zimeandikwa hivi: ikifaulu, rekodi malipo, ikisubiri, ngoja, vinginevyo, imeshindwa. Huo mstari wa mwisho ndio hatari yenyewe.

Mtoa huduma mmoja aliongeza hali ya nne, ya muamala uliowekwa kando ukaguliwe, bila kutuma hata barua. Duka moja la jumla hapa mjini likaniita, kwa sababu kila muamala wa namna hiyo kwao ulisomeka umeshindwa na karani alikuwa akiwaambia wateja walipe tena. Nilimkuta mama muuza samaki amesimama kaunta, ujumbe wa kukatwa pesa uko kwenye simu yake, na kompyuta inasema hajalipa. Akamuuliza karani, "Mwanangu, sasa hii pesa yangu imekwenda wapi?" Mama yule alistahili jibu la kweli, na mfumo haukuwa na pa kulitoa.

Kwa hiyo weka hali ya ziada ndani ya mfumo wako: haijulikani. Chochote ambacho mlango hakikitambui kiingie huko. Kikishaingia, jibu zima linahifadhiwa lilivyokuja, mtunza mfumo anapata taarifa, na karani anaona maneno haya kwenye skrini: "Malipo yanahakikiwa. Usimwombe mteja alipe tena." Taarifa yenyewe isitegemee API ya SMS peke yake, maana nayo inaweza kuwa ndiyo iliyobadilika, yangu huja kwa barua pepe pia.

Muda wa kusubiri jibu ukiisha, hiyo pia ni haijulikani. Ombi linaweza kuwa limefika na pesa zimekatwa, ila jibu limepotelea njiani. Uliza kwanza hali ya muamala kwa kitambulisho kilekile ulichotuma. Kutengeneza kitambulisho kipya na kujaribu upya ndiko kunakomkata mtu mara mbili.

Majibu unayohifadhi yana namba za simu na majina ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inatuhusu hata sisi wa mifumo midogo. Ficha tarakimu za katikati, na ufute ukishamaliza uchunguzi.

Ujue kabla ya karani

Tuna programu ndogo inayoita kila API kwa ratiba, kwa maombi yasiyo na gharama kama kuuliza salio au kiwango cha fedha. Inalinganisha umbo la jibu na umbo tulilohifadhi: majina ya sehemu na aina zake, si thamani. Iendeshe kwenye huduma halisi, kwa sababu mazingira ya majaribio yana dunia yake. Yale ya MTN MoMo, huduma ya pesa za simu, kwa mfano, hutumia sarafu ya EUR (yuro), ilhali malipo halisi hapa ni UGX.

Taja toleo la API waziwazi kila mahali huduma inaporuhusu, usiachie chaguo la mwenyewe. Soma pia vichwa vya majibu, yaani maelezo mafupi yanayotangulia jibu lenyewe: kuna kimoja kiitwacho Sunset, kilichowekwa kwenye waraka wa kanuni za intaneti, RFC 8594 ya mwaka 2019, ambacho hutaja tarehe ambayo anwani hiyo itaacha kufanya kazi. Wanaokituma si wengi, lakini kukisoma ni mistari michache tu. Na akaunti ya mtoa huduma isajiliwe kwa barua pepe ya ofisi inayosomwa na watu wawili. Notisi nyingi hufia kwenye sanduku la mtu aliyeshaacha kazi.

Kitu kikivunjika, usikimbilie kusema API imebadilika. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchini wakati wa uchaguzi. Septemba 30 mwaka huohuo cheti cha DST Root CA X3, hati ya kidijitali ambayo kompyuta hutumia kuthibitisha tovuti, kiliisha muda, na seva za zamani zikaanza kukataa huduma zilizotumia vyeti vya Let's Encrypt ingawa huduma zenyewe zilikuwa vilevile. Muunganisho usipofika kabisa, angalia mtandao kwanza. Lalamiko la cheti, tazama saa ya seva na vyeti vyake. Namba 401 au 403 ni ufunguo au ruhusa, 404 au 410 ni anwani, na 429 ni kwamba umeita kupita kiwango, basi soma kichwa cha Retry-After, kinachosema ungoje muda gani, na utulie.

Mengine hubadilishwa na Bunge. Julai 2018 ilikuja kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu. Baadaye mwaka huo ikashushwa hadi 0.5 na kubaki kwenye kutoa pesa tu. Aliyeandika makato ndani ya msimbo alilazimika kuufungua mara zote mbili. Yaweke kwenye jedwali lenye tarehe ya kuanza kutumika, na meneja aweze kulibadilisha.

Viwango vya fedha ni rahisi zaidi. Hifadhi kiwango cha mwisho kilichopita ukaguzi, mwonyeshe karani ni cha saa ngapi, na mruhusu meneja aandike kingine kwa mkono.

Kwa malipo hakuna kutumia jibu la jana. Huduma isipoeleweka, zima kitufe cha kulipa kwa simu, na karani ahamie kwenye daftari: jina, kiasi, saa, na namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wa mteja. Hesabu zikija kuingizwa baadaye, namba hiyo ya muamala iwe ya kipekee kwenye hifadhidata, ili malipo yaleyale yakishuka tena kupitia API yakataliwe yenyewe.