Kubadilisha nyaya za nyumba yako mpaka mkaguzi aipitishe

Juzi nimemaliza nyumba ya mama mdogo, Tanga. Nyaya zilisukwa miaka ya 1980, taa hazikuwa na ethi (waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja) kabisa, na darini panya walikwishatafuna hadi shaba inaonekana. Majirani wameniuliza tulipitia wapi, basi naandika njia yote hapa.

Hatua ya 1: Mwenye leseni kwanza, waya baadaye

Nyumba ni yako, lakini kazi ya kufunga umeme Tanzania inatakiwa ifanywe na mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Omba kuiona leseni yenyewe, utazame jina, daraja na tarehe ya kuisha. Daraja ndilo linaloonyesha ni kazi kubwa kiasi gani anaruhusiwa kufanya. Kama una fundi wa mtaani unayemwamini, afanye kazi chini ya huyo mwenye leseni, na mwenye leseni aje wakati paipu bado ziko wazi ukutani. Mtu akikwambia atakusainia fomu bila kuiona nyumba, achana naye. Sahihi ya namna hiyo inamwacha mtoto na friji inayopiga shoti.

Hatua ya 2: Ofisi ya TANESCO

Nenda na namba ya mita na kitambulisho, useme unabadilisha nyaya za ndani na unaomba umeme ukatwe. Wakate wao. Mita na sili yake ni mali yao, wewe unaanzia baada ya mita. Ukitaka kuongeza jiko la umeme au pampu, sema siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Kusuka

Taa waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, jiko 6. Ethi ifike kila mahali, hata kwenye taa. RCD, ile swichi inayokata umeme ukivuja, iwe ya miliampia 30. Waya nunua wa shaba halisi: kwaruza ncha kwa kisu, ukiona weupe ndani ujue ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, urudishe dukani.

Nondo ya ethi ilitusumbua kidogo, maana chini kuna mawe ya matumbawe na ya kwanza iligota kabla ya kuzama nusu. Tulihamia upande wa bustani, tukapigilia mbili, zikiachana kwa urefu wa nondo moja, tukaziunganisha. Usimwage chumvi shimoni kama wengi wanavyofanya. Inashusha kipimo cha ukinzani wa ethi kwa muda, kisha inakula shaba.

Hatua ya 4: Pima mwenyewe kabla mkaguzi hajaja

Hapa soma polepole. Miaka ya nyuma, kwenye nyumba nyingine, nilipima kwa multimita peke yake nikaridhika. Umeme uliporudi taa ziliwaka zote vizuri, lakini pasi ikichomekwa chumbani, RCD inakata. Nikazima breka ya jikoni, ya sebuleni, ya choo, nikaacha ya chumbani tu. Bado inakata. Nikaamua kosa liko chumbani, nikafungua soketi zote za chumba na kuvuta waya upya, kuanzia asubuhi hadi adhana ya magharibi. Kosa lilikuwa jikoni. Skrubu ya soketi ilikuwa imetoboa waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, na kuugusisha kwenye boksi la chuma lenye ethi.

Sababu ni hii: breka ya kawaida ya nyumbani inakata laini tu, yaani waya unaoleta umeme. Nyutro ya jikoni inabaki imefungwa kwenye baa ya nyutro hata breka yake ikiwa chini. Pasi ya chumbani ikivuta umeme mwingi, sehemu ya umeme unaorudi inapenya kwenye ile nyutro ya jikoni na kuingia ethi. RCD inaona kilichotoka hakilingani na kilichorudi, inakata. Taa zinavuta kidogo mno, ndiyo maana hazikuonyesha kitu.

Kwa hiyo azima au kodi mega, kifaa cha kupima kama ganda la waya linavujisha umeme. Multimita inatumia betri ndogo, haiwezi kugundua waya uliochubuka nusu, mega inasukuma volti 500. Fanya hivi:

Zima meni swichi. Chomoa kila kitu, toa balbu zote, hasa za LED, la sivyo utaziunguza na kipimo kitakudanganya. Washa swichi zote za taa ili waya wote upimwe. Unganisha laini na nyutro pamoja, upime dhidi ya ethi, kisha uzitenganishe upime laini dhidi ya nyutro. Chini ya megaomu 1 haikubaliki. Waya mpya ukikupa 2 au 3, mimi sikubali pia, natafuta kilichopo, kwa sababu unapaswa kusoma mamia.

Kipimo kikiwa kibaya, usibomoe chochote. Meni ikiwa imezimwa, toa nyutro moja moja kwenye baa, pamoja na laini yake, upime kila sakiti peke yake. Ukiipata mbaya, ifungue kwenye boksi la katikati, upime nusu ya kwanza, kisha ya pili. Kwa mama mdogo sakiti ya jikoni ilisoma 0.04. Ndani ya dakika ishirini tulikuwa tumefika kwenye soketi nyuma ya friji, waya umebanwa na kifuniko. Mama akashika kiuno: "Mwanangu, hapo ndipo mjukuu wangu huchomeka simu."

Andika vipimo vyote, sakiti kwa sakiti, pamoja na tarehe.

Hatua ya 5: Fomu na ukaguzi

Mkandarasi, yaani yule mwenye leseni, anajaza fomu ya kukamilisha kazi, anasaini, anaambatanisha mchoro, zinapelekwa ofisi ileile ya TANESCO. Siku ya ukaguzi mkandarasi awepo, na kifuniko cha shimo la ethi kiwe kinafunguka. Mkaguzi wetu alitazama ethi, bodi, akafungua soketi mbili alizochagua mwenyewe. Karatasi ya vipimo ilifupisha maswali mengi.

Umeme ukirudi, bonyeza kitufe cha T kwenye RCD. Isipokata, izime meni na umwite mkandarasi palepale, kabla hajafika stendi.