Pointi za kadi ya ndugu yako Marekani: namna ya kuzifikisha Kigoma

Nakata tiketi za ndege hapa Mwanga, Kigoma. Wateja wangu wengi wana mtoto au ndugu Marekani, na baadhi yao ni familia zilizopitia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu kabla ndugu zao hawajahamishiwa huko. Siku hizi swali ni moja: "Mwanangu kasema kadi yake ya benki ina pointi laki moja. Zinatosha nauli?" Pointi hizo ni zawadi ambayo benki humpa mwenye kadi kila anapolipia vitu kwa kadi yake.

Mimi huwa natoa kikokotoo kwanza. Angalia tiketi hiyohiyo inauzwa kiasi gani kwa fedha. Toa kodi na tozo ambazo mtalipa hata mkitumia pointi. Kinachobaki gawanya kwa idadi ya pointi wanazotaka.

Tuseme Washington hadi Dar kupitia Addis Ababa, kwenda na kurudi, ni dola 1,400. Kwa pointi wanataka 100,000 na dola 150 juu. 1,400 toa 150 ni 1,250, gawa kwa 100,000: kila pointi imekupa senti 1.25. Tarehe zilezile, shirika jingine lenye nauli hiyohiyo ya dola 1,400 linataka pointi 110,000 na dola 500. Hapo pointi imekupa senti 0.8 tu. Sasa muulize mwenye kadi: benki yake ikimrudishia fedha badala ya safari, inampa ngapi kwa pointi moja? Zipo kadi zinazotoa senti 1 nzima, na nyingine hutoa karibu nusu ya hiyo. Kama yake inatoa senti 1, ile tiketi ya pili aachane nayo. Achukue fedha, anunue tiketi kawaida. Na asijaribiwe na blenda au spika kwenye duka la pointi, maana huko thamani huwa ya chini kuliko zote.

Thamani nzuri mara nyingi iko kwenye kuhamisha pointi kutoka benki kwenda kwenye mpango wa maili, yaani pointi za shirika la ndege lenyewe. Kadi za American Express na Chase zinazokusanya pointi za kuhamishika huruhusu kuzipeleka Aeroplan ya Air Canada, na pia Flying Blue ya Air France na KLM. Watu hushangaa: Air Canada na Kigoma wapi na wapi? Ni kwamba Air Canada na Ethiopian, shirika la Ethiopia, wote wamo Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, kwa hiyo maili za Aeroplan zinaweza kukata kiti cha Ethiopian mpaka Dar, na Aeroplan haiongezi ile tozo ya mafuta ya shirika mwenza. KLM nayo inatua Dar, ila chungulia tozo zake kabla hujafurahia idadi ya maili.

Tafadhali msihamishe pointi kabla ya kukiona kiti. Pointi zikishatoka benki hazirudi, na viti vya maili ni vichache, hasa Desemba na miezi ya likizo ya shule za Marekani. Tafuteni mapema, hata karibu mwaka mzima kabla, na muwe na wiki mbili tatu za kuchezea tarehe.

Pointi za mtoto zinaweza pia kumkatia mama tiketi ya kwenda huko. Ila jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Rashid na Rashidi kwetu ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ya ndege ni wawili. Nataka nitumiwe picha ya ukurasa wa pasipoti. Jina la kutajiwa kwenye simu silikubali. Na viza itangulie. Usaili unafanyika ubalozini Dar.

Kuna kosa moja linalokula watu kimyakimya: kumtumia mama hela kwa kadi ya mkopo ili "kuvuna pointi". Benki nyingi huhesabu hiyo kama kutoa fedha taslimu. Pointi hupati, kuna makato, na riba inaanza siku hiyohiyo. Hela ya nyumbani itoke kwenye akaunti ya kawaida. Vilevile anayebakiza deni mwezi hadi mwezi asahau habari ya pointi. Riba za kadi Marekani mara nyingi huvuka asilimia 20 kwa mwaka, na hakuna safari ya bure hapo.

Kipande cha Dar hadi huku mwisho wa reli kina mambo yake. Air Tanzania, inayoleta abiria huku, haimo kwenye miungano mikubwa kama Star Alliance, kwa hiyo maili za Aeroplan zinaishia Dar. Dar kuja huku ni tiketi tofauti, na ndege ya Addis ikichelewa, tiketi ya Kigoma haikusubiri. Mgeni alale Dar usiku mmoja. Aulize pia uzito wa mizigo ya ndani, kwa sababu yale masanduku mawili makubwa ya Marekani hayapiti hivihivi. Mengine yanaweza kuja kwa treni, kama hayana haraka. Tiketi ya ndege ya Dar hadi Kigoma nunueni mapema, kwa fedha, na hapo ndipo na mimi napata changu.