Mahindi ya masika, kunde za vuli: kuupima mzunguko kwa kompyuta

Huku Muheza, Tanga, kila mkulima atakwambia kuwa mahindi yanayofuata kunde hustawi. Vijana wa ugani wanachoniuliza ni kwa kiasi gani, na mwaka wa mvua haba inakuwaje. Jaribio la shambani la miaka thelathini hakuna atakayekulipia, kwa hiyo natumia modeli, yaani programu ya kompyuta inayoiga ukuaji wa mazao siku hadi siku. Yangu ni DSSAT: ya bure, inakaa kwenye Windows, na mahindi na kunde vyote vimo.

Hali ya hewa kwanza. Inataka takwimu za kila siku za mwanga wa jua, joto la juu, joto la chini na mvua. Zipakue NASA POWER, hifadhi ya mtandaoni ya takwimu za hali ya hewa, kwa muundo wa faili uitwao ICASA, ambao DSSAT inausoma. Mwanga uwe wa megajuli. Ukikuta kilowati-saa, zidisha kwa 3.6. Mvua yake kwa pwani yetu siiamini: inagawa ramani kwa miraba, na mraba mmoja una upana wa kilomita hamsini hivi, ukigusa Tanga mjini unameza na bahari. Shule au shamba la mkonge lenye kipimo cha mvua likikupa daftari lake, tumia hilo. Ukikosa, chukua CHIRPS, takwimu za mvua zinazokadiriwa kwa setilaiti, ambayo mraba wake ni kama kilomita tano na kumbukumbu zake zinaanzia 1981.

Udongo ndiko kwenye kazi. Chimba shimo, chukua sampuli kwa matabaka hadi sentimita 90 na uzipeleke maabara. Sisi tuna bahati, TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo, iko jirani. Omba mchanga, mfinyanzi, kaboni, pH, na nitrati na amonia, ambazo ndizo nitrojeni inayofyonzwa na mimea. Cheti kisome vizuri, kwani maabara nyingine huandika mboji badala ya kaboni. Hapo gawanya kwa 1.72. Kisha ndani ya DSSAT, kwenye chaguo la uozaji wa mboji, weka njia iitwayo CENTURY. Mashamba yetu hayaoni mbolea nyingi, nitrojeni yake inatoka kwenye mboji inayooza, na njia hiyo ndiyo inayoifuatilia vizuri zaidi.

Sasa mzunguko wenyewe. Wengi huendesha msimu mmoja mmoja, na kila msimu udongo unarudishwa ulivyokuwa mwanzo. Hapo kunde haina nafasi ya kuyaachia mahindi nitrojeni yoyote! Chagua mfululizo, ili maji na nitrati vilivyobaki baada ya masika ndivyo vuli ianze navyo. Tengeneza mifululizo miwili: mahindi juu ya mahindi, na mahindi masika kisha kunde vuli. Mbegu ya mahindi iwe ileile, Staha kwa mfano, na nafasi zilezile. Usifunge tarehe ya kupanda; ipe modeli kipindi, tuseme katikati ya Machi hadi mwisho wa Aprili, ipande udongo ukishalowa. Urea iandike kwa kilo za nitrojeni kwa hekta: mfuko wa kilo 50 una kilo 23.

Nilipokuwa nikieleza mabaki ya mazao kule Mkuzi, bibi mmoja alinikatiza: "Mwanangu, kunde mie majani nachuma mboga, nikivuna nang'oa mti mzima, makapi anakula mbuzi. Hiyo kompyuta yako inajua?"

Haijui mpaka uiambie. Usipogusa kitu, inaacha majani na mashina yote shambani. Kwenye sehemu ya mavuno kuna asilimia ya mabaki yanayoondolewa. Mimi huendesha kunde mara mbili, 0 na 90, na mboga ya majani naihesabu humohumo. Fanya hivyo kabla hujamwahidi mtu lolote, maana punje zenyewe huondoka na nitrojeni nyingi, na mizizi peke yake haiachi ya maana. Mabua ya mahindi nayo yana kaboni kama 60 kwa nitrojeni 1. Ukiyafukia, vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anya nitrati ya udongo, na kwenye grafu utaiona ikishuka.

Matokeo yafungue kwenye SoilNi.OUT, faili la nitrojeni ya udongo. Angalia nitrati siku ya kupanda, kisha kiasi kilichozama chini ya mizizi Aprili na Mei. Kwenye mchanga wa pwani usishangae nitrojeni ya kunde ikisombwa na masika kabla mahindi hayajashusha mizizi.

Tani za modeli simtajii mkulima. Haijui viwavijeshi, haijui nguruwe pori, na palizi inadhani imefanywa kwa wakati. Nampa tofauti ya mifululizo hiyo miwili, kwa mwaka mzuri, wa kati na mbaya. Chukua tofauti ya kilo kwa hekta, gawanya kwa 2.47 upate ekari, kisha kwa 100 upate magunia.