Monita Imezima: Ya Kutengeneza Nyumbani na Ya Kubadilisha

Kandokando ya Ziwa Victoria, na kutoka Kisumu hadi Kakamega na Kisii, mvua za alasiri mara nyingi huja na radi, na umeme ukikatika kisha ukarudi ghafla, kifaa kinachoumia ni kile kilichoachwa kwenye soketi. Monita ya kompyuta ni mojawapo. Nafuu iliyopo ni kwamba pigo la namna hii kwa kawaida huishia kwenye bodi ya umeme, yaani sehemu inayopokea volti 240 za ukutani na kuzishusha, nayo hutengenezeka kwa gharama ndogo, ilhali kioo kilichopasuka hakina tiba ya nyumbani. Kabla ya kushika bisibisi, basi, ni lazima ujue ni kipi hasa kilichoharibika.

Anza na taa ndogo iliyo kwenye kitufe cha kuwashia. Ikiwa haiwaki kabisa, chomeka chaja ya simu kwenye soketi hiyohiyo ili uhakikishe kwamba ina umeme, kisha badilisha waya wa monita na ule wa CPU, yaani kasha la kompyuta, kwa kuwa mara nyingi huwa wa aina moja. Fungua pia plagi na ukague fyuzi yake. Iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine yenye ampea zilezile, wala usiizungushie kipande cha waya kama wafanyavyo wengi. Baadhi ya monita hazina bodi ya umeme ndani, bali hutumia adapta ya nje inayofanana na chaja ya laptopu. Hizo ndizo rahisi kuliko zote: unanunua adapta yenye volti sawa kabisa na zilizoandikwa kwenye ile ya zamani, ampea zisizopungua zile, na ncha yenye mpangilio uleule wa chanya na hasi, na kazi imekwisha.

Ikiwa taa inawaka lakini hakuna picha, usiilaumu monita mapema. Iunganishe na laptopu ya jirani, au ichukue kompyuta yako uiunganishe na televisheni ya sebuleni kwa kebo ya HDMI. Monita inayoandika kwamba haipokei ishara yoyote kwa kawaida ni nzima. Mara nyingi kasoro iko kwenye kebo au kwenye kompyuta. Rangi moja ikikosekana na picha yote ikawa ya manjano au ya samawati, chunguza pini za kebo ya VGA, ile ya zamani yenye pini nyingi, kwani moja huenda imepinda. Kwenye kebo nyingi pini moja ya safu ya kati haikuwekwa tangu kiwandani, kwa hiyo pengo hilo lisikutie wasiwasi. Kipimo kingine kizuri ni menyu ya monita yenyewe: ibonyeze, na ikiwa maandishi yake yanaonekana safi huku picha ya kompyuta ikiwa mbovu, basi monita haina hatia.

Kipimo ninachokithamini zaidi hakigharimu kitu. Zima taa za chumba, iache kompyuta ikiwa imewashwa, kisha mulika kioo kwa tochi ya simu kutoka upande. Ukiona kivuli cha picha, hata kwa shida, kioo kinafanya kazi na kilichozimika ni taa za nyuma au umeme unaozilisha. Vivyo hivyo kwa monita inayowaka kwa sekunde mbili hivi kisha ikawa giza.

Kioo chenye ufa, doa jeusi linalosambaa kama wino uliomwagika, au mistari ya wima isiyoondoka hata menyu ikifunguliwa, hayo ni maradhi ya kioo chenyewe. Sishauri mtu yeyote kutafuta kioo kipya cha monita ya kawaida ya mezani, kwa sababu bei yake hukaribia bei ya monita nzima iliyotumika, na kupata kinacholingana ni bahati nasibu. Jambo moja tu hufanana na doa la kioo bila kuwa doa: mdudu mdogo aliyevutwa na mwanga akajipenyeza ndani, na wakazi wa karibu na ziwa wanawajua wadudu hao. Usimbonyeze, maana ukimponda hapo atabaki hapo. Zima monita, weka taa kando yake, na mara nyingi atatoka mwenyewe.

Tukifika kwenye kufungua, tahadhari hutangulia. Monita ya zamani yenye kichogo usiifungue kamwe, kwa kuwa bomba lake hutunza maelfu ya volti. Monita bapa yenye bodi ya umeme ndani nayo ina kapasita moja kubwa, yaani kipande cha kuhifadhi umeme, ambayo huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Chomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda, iache ikae, kisha pima miguu ya kapasita hiyo kwa mita ya mkononi ya kupimia volti mpaka isome karibu na sifuri. Usiiondolee umeme kwa kuigusisha ncha ya bisibisi. Asiye na mita, au nyumba yenye watoto wadogo wanaozungukazunguka mezani, ni afadhali aishie hapa na kumpelekea fundi.

Laza monita kifudifudi juu ya blanketi, toa mguu wake pamoja na skrubu zilizojificha chini yake, kisha achanisha fremu ya plastiki kwa kadi ngumu ukianzia ukingo wa chini. Fremu italia kana kwamba inavunjika; nenda polepole tu. Piga picha kila waya kabla ya kuuchomoa, hasa ile myembamba ya vitufe, ambayo hukatika kwa urahisi. Chini ya bamba la chuma utakuta bodi mbili, na ile inayoingiwa na waya wa ukutani ndiyo ya umeme.

Kapasita nzima huwa na kichwa bapa. Iliyovimba, au yenye majimaji ya kahawia juu au chini, imekufa, na katika monita za miaka mingi hili ndilo tatizo linalojitokeza sana. Soma maandishi yake: ikiwa ni mikrofaradi 1000 (kipimo cha uwezo wake wa kuhifadhi umeme) na volti 16, mpya iwe na mikrofaradi 1000, volti 16 au zaidi, na iweze kuhimili nyuzi joto 105, wala si 85. Pima na urefu wake, kwa maana isiyoingia chini ya bamba haina faida. Duka la vipuri vya redio Kisumu au Nakuru litakuuzia chache kwa bei isiyofika ya chakula cha mchana. Mstari ulio ubavuni huonyesha mguu hasi, na ukiufunga kinyume kapasita itapasuka, kwa hiyo fuata ile picha uliyoipiga. Kwa kulehemu, pasi ya wati 40 inatosha. Iguse kwa sekunde chache tu, isije ikainua njia za shaba. Ikiwa fyuzi ya kwenye bodi imeungua na sehemu nyingine zimekuwa nyeusi, usibadilishe fyuzi peke yake, kwani kilichoiunguza bado kipo.

Ukiamua kununua nyingine, angalia kwanza matundu yaliyo nyuma ya CPU yako. Kompyuta yenye VGA pekee inahitaji monita yenye VGA, au kigeuzi chenye saketi ndani, kwa sababu kebo tupu yenye ncha mbili tofauti haibadilishi ishara. Kwa monita zilizotumika, mwambie muuzaji aonyeshe ukurasa mweupe kabisa, kisha mweusi: weupe hufichua madoa na kona zilizofifia, weusi hufichua nukta zinazowaka zisizozimika. Jaribu kila tundu na kila kitufe, na uiache iwake kwa robo saa, maana bodi iliyochoka huanza kuzima ikishapata joto. Muuzaji anayekataa jaribio hilo mwachie monita yake.

Ukirudi nyumbani kwa bodaboda, ishike wima, kioo kikielekea kifuani na kadibodi katikati, wala usiilaze mapajani. Ikifika, weka kizuia mawimbi ya umeme kati yake na ukuta, na radi ikianza kunguruma chomoa plagi kabisa, kwa kuwa kuzima kitufe hakuitengi na umeme. Ile ya zamani toa nyaya na mguu uziweke akiba, mwachie fundi bodi zake akazitumie kwa vipuri, na usiichome wala kuivunja jalalani: zilizotengenezwa kabla ya kuenea kwa taa za LED zina mirija membamba yenye zebaki.