Lia Kama Bundi, Bata Mzinga Akujibu

Kwetu bundi akilia juu ya paa, bibi huanza kuuliza nani mgonjwa. Huku Ohio, Marekani, mwishoni mwa Aprili, ukitaka kuwinda bata mzinga wa porini, utaamka saa 10 usiku uende msituni ukalie kama bundi wewe mwenyewe.

Kabla ya hapo, makaratasi. Mafunzo ya uwindaji, leseni ya jimbo na kibali cha bata mzinga, vyote mkononi. Kama uko Marekani kwa viza ya muda, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla hujagusa bunduki: sheria ya shirikisho inakukataza, isipokuwa kwa vighairi vichache, na leseni halali ya uwindaji ni kimojawapo. Mkenya asione haya kuanza bila kujua lolote. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977.

Bata mzinga hulala mtini. Majira haya dume huwaita majike alfajiri, na akishtuliwa na sauti kali mlio humtoka tu, hata kwa radi au mlango wa gari uliobamizwa. Ndiyo maana tunatumia filimbi inayoiga bundi: anajibu bila kujua kuna mtu, nawe unajua alipo. Wageni wengi hukimbilia kuiga sauti ya jike. Hapo dume anaweza kushuka na kukufuata ukiwa bado umesimama wima, na macho yake si ya mchezo.

Bundi wa misitu ya huku hulia milio minane, minne kisha minne, wa mwisho ukishuka na kuvutwa. Usianze na yote. Piga minne, unyamaze. Mimi msimu wangu wa kwanza nilipuliza mpaka mashavu yakauma, na rafiki yangu aliyesimama hatua 30 nyuma akaniambia ndege alijibu mara mbili. Sikusikia kitu, kelele zote zilikuwa zangu.

Akijibu, usimwite tena. Msogelee kwa kujificha nyuma ya kilima, ukome kama mita 100 hivi kabla ya kumfikia, keti ukiegemea mti mpana kuliko mabega yako. Sasa ndipo utoe sauti ya jike, tena ya chinichini.

Jua likishapanda, filimbi ya bundi weka mfukoni, tumia ya kunguru: milio mifupi mikali, mitatu minne. Na jioni iliyotangulia, magharibi ikiingia, piga filimbi ya bundi ujue dume amepanda mti upi. Kesho hutatafuta gizani.

Kuiga mlio wa dume kuache kabisa, hasa kwenye ardhi ya umma. Utakayemwita ni mwindaji mwenzako, na bunduki yake. Hata kofia nyekundu, soksi nyeupe au leso ya buluu ziache nyumbani, kwani kichwa cha dume kina rangi hizohizo.